Jibu la Mama Unyevu

Wanafunzi walimwita Mama Unyevu, na yeye alijua. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha sayansi ya chakula, na hakikupita kipindi bila swali lake: "Unyevu umepima?" Ukimletea karanga, unyevu. Ukimletea unga, unyevu. Siku moja mwanafunzi alimletea kadi ya harusi, na kabla Mwalimu hajafungua mdomo darasa zima likauliza: "Unyevu umepima?" Alicheka mpaka akavua miwani.

Somo lake la mwaka wa tatu lilihusu changamoto za sekta ya chakula. Ubaoni aliandika zilezile kila mwaka: umeme unaokatika, maghala yanayovuja, vifungashio ghali, barabara mbovu, mahindi yanayovunwa mabichi na kukaushwa juujuu. Kwenye mahindi alikawia. Aliwaeleza habari za sumukuvu, ile sumu ya ukungu isiyo na harufu wala ladha, isiyokwisha kwa kupikwa, inayokula ini la mtu kimyakimya.

Mwaka mmoja msichana wa kiti cha mbele, mtoto wa mshona nguo, aliinua mkono.

"Mwalimu, umepima, umekuta sumu. Bosi anakwambia saini, mzigo utoke. Unafanyaje?"

"Unakataa."

"Na kesho yake?"

Darasa lilicheka. Mama Unyevu naye akatabasamu. "Kesho yake umelala usingizi," alisema, akafuta ubao, wakaendelea na vifungashio.

Msichana alifaulu vizuri, akaajiriwa mdhibiti ubora kwenye kiwanda cha unga kilicho nje kidogo ya mji. Mama Unyevu alifurahi kama aliyeoza binti. Kiwanda hichohicho ndicho kilichokipa chuo mashine ya kupimia sumukuvu. Jina la kiwanda lilibandikwa kwenye mlango wa maabara.

Msimu uliofuata mvua ilinyesha katikati ya mavuno. Asubuhi moja msichana alibisha ofisini kwa mwalimu wake, ameshika mfuko wa mahindi uliofungwa kwa uzi. Hakuketi.

"Nimepima mara tatu. Imezidi kiwango mara hamsini na kitu. Meneja akasema changanya na mazuri, itapungua. Nikakataa. Jana ameniambia kipindi changu cha majaribio kimeisha, nisirudi."

"Na mzigo?"

"Mwenzangu amesaini. Ana watoto watatu, Mwalimu. Simlaumu."

Mama Unyevu alivaa koti jeupe, wakaingia maabara pamoja. Walisaga, wakachuja, wakasubiri. Mashine ikatoa namba ileile. Alimwambia msichana aende nyumbani apumzike, yaliyobaki amwachie yeye. Kisha akapanda ghorofani kwa mkuu wa idara, karatasi mkononi.

Mkuu wa idara aliisoma, akaigeuza uso chini juu ya meza.

"Dada, mashine uliyopimia ni yao."

"Mashine haijui ni ya nani."

"Wewe unajua. Mwaka huu wamechukua wanafunzi wetu kumi na wawili kwa mafunzo kazini. Sikwambii unyamaze. Nakwambia tufuate utaratibu. Barua ipitie kwangu, iende kwa makamu mkuu wa chuo, ndiyo itoke kwa wakaguzi. Wiki moja tu."

Angeweza kushuka ngazi, akavuka barabara na kuingia ofisi ya wakaguzi. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Lakini alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, mumewe alikuwa kitandani tangu alipopata kiharusi, na yeye ndiye aliyebaki akilishikilia paa la nyumba lisianguke. Akasema sawa, wiki moja. Wiki ikawa siku tisa, maana makamu mkuu alikuwa safarini.

Barua ilipofika kwa wakaguzi, unga wa mzigo ule ulikuwa umeshaliwa siku saba katika shule moja ya bweni. Watoto walianza kwa kutapika, kisha macho yakawa ya manjano. Hospitali iliwalaza wawili wawili kitandani. Watano walikufa, mdogo kuliko wote akiwa wa darasa la tano.

Tume iliundwa. Mama Unyevu aliitwa, akaeleza mahindi, mvua na namba. Mwenyekiti akamshukuru, akataka kumwita shahidi mwingine. Mama Unyevu hakuinuka.

"Bado sijamaliza," alisema. "Matokeo nilikuwa nayo siku tisa. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Andikeni na hilo."

Karani akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, karani akaandika.

Kiwanda kilifungwa miezi minne, kikafunguliwa kikiwa na rangi mpya na jina jipya. Meneja alihamishiwa tawi jingine. Aliyefungwa ni yule mwenye watoto watatu, kwa kuwa saini ilikuwa yake.

Baada ya hukumu Mama Unyevu alikwenda kwa mshona nguo. Alimkuta msichana akitia vifungo kwenye mashati ya sare, mama yake kwenye cherehani. Alisema alichojia: kwamba alimfundisha kukataa, na zamu yake ilipofika hakukataa, anaomba radhi.

Msichana alikata uzi kwa meno. "Ningekuwa sijakuletea, ningeenda mwenyewe kwa wakaguzi siku ileile," alisema. "Nilidhani wewe utasikilizwa zaidi."

"Kila anakoomba kazi wanapiga simu kiwandani," mama mtu alisema bila kuinua macho. "Wakishajua alitoka wapi, kimya. Eti ni msumbufu. Keti, Mwalimu, umesimama muda mrefu."

Aliketi. Walikunywa chai, na hakuna aliyesema amesamehe wala hajasamehe. Alipoaga, msichana alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi kwenye vifungo vyake.

Mama Unyevu aliomba kustaafu kabla ya wakati, akakubaliwa upesi kuliko alivyotarajia. Somo lake alipewa mhadhiri kijana, mchapakazi, mwenye slaidi za kupendeza. Sehemu ya sumukuvu aliifupisha ikawa nusu ukurasa. Alisema muda hautoshi.