Fundi Cherehani Akata Nyumba

Fundi cherehani mmoja alikuwa na maringo ya kazi, na ndiyo yaliyomponza. Mchora ramani ya nyumba yake mpya alimwomba subira ya wiki mbili, yeye akacheka. Mtu anayekata suti bila kupoteza kitambaa hata cha leso, ashindwe na kiwanja? Kiwanja ni kitambaa kilichotandazwa, tena hakitelezitelezi mezani! Basi akachukua ile futi yake ya kuning'inia shingoni, vigingi, kamba na chokaa, akaenda kuikata nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa mwashi alikuwa aanze kuchimba msingi kesho yake.

Jambo moja alikuwa ameliapia: mama yake apate chumba. Miaka sita mama huyo alikuwa akilala sebuleni kwao, kwenye kochi, na hata hilo kochi halikuwa lake mpaka mtu wa mwisho aichoke televisheni. Wageni wakija, yeye ndiye wa kusogea. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomkera mwanawe zaidi, maana mtu asiyelalamika utamwombaje radhi?

Siku hiyo akamketisha mama kigodani, pale pale chumba chake kitakapokuwa, asije akachoka kuzungukazunguka. Kisha akaanza. Sebule kwanza: hatua tisa, kwa ajili ya seti ya makochi iliyokuwa bado dukani. Mkewe akataka jiko la kugeuka na sufuria bila kugonga kiwiko, akapata. Binti zake wawili wakagombea dirisha mpaka kigingi kikang'oka mara tatu. Jua halijafika utosini, nyumba ilikuwa imelala chini, imenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Ukweli usemwe, ilipendeza.

Wakaanza kuikagua, wakiruka kamba huku na huku kama mbuzi. Fundi akamwita mama aje aione sebule. Mama akainuka, akajifunga mtandio vizuri, akatazama kulia, kushoto na nyuma.

"Nipite wapi?" akauliza.

"Ruka tu, mama."

"Niruke ukuta? Kwa umri huu?"

Lo! Milango. Hakuwa ameweka hata mmoja. Katika kazi yake, matundu ya vifungo hutobolewa mwisho, nguo ikishakamilika, naye milango akaiachia huko huko mwisho. Ya wengine ilipatikana chapuchapu. Lakini chumba cha mama kilikuwa kimebanwa: stoo huku, mabinti kule, mbele chumba cha fundi na mkewe, na nyuma ni nje.

Wakatoa mawazo. Apite stoo, ila itabidi aparamie magunia. Apite kwa mabinti; mabinti wakasema wao hujifungia. Apite chumbani kwa wenye nyumba. Mke akauliza, kwa upole wa kutisha, atakuwa akipita saa ngapi. Mlango wa nje? Mvua ikinyesha mama azunguke nyumba na mwavuli kama mpangaji? Njia ilibaki moja: chumba cha mbele kisukumwe, ujia upite kando, na sebule ipungue iwe hatua tano.

Fundi akaing'ang'ania sebule yake kwa meno. Wateja wataketi wapi, heshima itaketi wapi! Akamsihi mama aruke leo tu, wakale, mengine yatajulikana mbele ya safari. Mama akarudi kigodani, akakunja mikono.

"Nikiruka leo mtasema inawezekana," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi: "Mwanangu, mimi nimelala sebuleni miaka sita. Mgeni hukaa saa moja, akaenda zake."

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli. Akaenda kung'oa vigingi. Sebule ikakatwa, ujia ukapita, na kwenye kamba ya mama ikaachwa nafasi ya mlango. Mama akatoka taratibu, akaufuata ujia mpaka mwisho, akaitazama sebule kwa adabu. Halafu akarudi. Alipoingia chumbani mwake aligeuka, akashika kitasa ambacho hakikuwapo, akafunga, akazungusha ufunguo, akaketi.

Mwanawe alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka pale, na kati yao hakukuwa na kitu ila hewa. Alitaka kumwambia chakula tayari. Akasita.

"Hodi," akasema.

"Subiri kidogo," mama akajibu, wala hakuinuka.