Upepo Ndani ya Pampu ya Grisi

Jumatano asubuhi nilipita mtaa wa Gerezani, Kariakoo, nikakuta mlango wa chuma wa duka lile la vipuri umeshushwa, na kabla sijaambiwa neno nilijua. Tangu nilipolifahamu duka hilo sijapata kuuona mlango ule chini siku ya kazi, isipokuwa Diwali, sikukuu ya Wahindu. Mafundi walikuwa wamesimama nje, mikono mitupu, wanaongea kwa sauti ya chini kama watu walioko msikitini. Mmoja akaniamkia shikamoo, nikamjibu marahaba, kisha akasema Mama, mwenye duka, amefariki alfajiri, moyo, na jioni ile ile familia ingemchoma kwa desturi ya dini yao. Nikasema yale tuyasemayo, kwamba sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na nikabaki pale nikiutazama ule mlango, kwa sababu mara ya mwisho nilipouogopea usivunjwe, yeye alikuwa nyuma yake na mimi nilikuwa nimekaa mbele.

Alizaliwa ghorofani, juu ya duka hilo hilo, wakati baba yake akiuza vipuri vya baiskeli chini. Kiswahili chake kilikuwa cha mtaa huu, cha mbio na mizaha, na alijua kumkata mtu maneno akiwa bado anacheka. Waliomjua walimwita Mama. Wasiomjua walimwita Mhindi, kana kwamba ameshuka juzi bandarini. Mimi nilimjua kwa sababu ya Ijumaa. Msikiti ninaoswali uko nyuma ya duka lake, na mzee wa magoti kama yangu hutoka Ilala mapema ili asikimbizane na wakati. Alikuwa akiniwekea kigoda mlangoni na kuniagizia chai ya tangawizi, tukazungumza habari za magoti, za watoto waliohama, na za Mungu, kila mmoja kwa mlango wake. Adhana ilipoanza alizima redio na kuacha chochote alichokuwa akifanya, hata kama mteja alikuwa ameshika hela. Nilipomuuliza siku moja, alisema ni desturi ya marehemu baba yake: jirani akiitwa na Mungu wake, wewe nyamaza asikie.

Desturi yake ya pili iliwaudhi wengi. Duka lake liliuza pampu za grisi. Kwa msomaji asiyezijua, ni silinda ndefu inayojazwa grisi, ina mpira mwembamba mbele, na kazi yake ni kuisukuma grisi ndani ya maungio na magurudumu ya malori ili chuma kisile chuma. Za zamani zilisukumwa kwa mkono mpaka bega liume. Siku hizi zimekuja za betri, unabonyeza swichi tu. Mama hakufunga pampu ya betri kwenye mfuko mpaka mteja mwenyewe aijaze pale dukani, aitoe upepo, na aione grisi ikitoka juu ya kipande cha boksi kilichokaa kaunta. Boksi lile lilikuwa na mistari ya grisi kama njia za konokono. Wateja wenye haraka walinung'unika. Yeye alikuwa akiwaambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha anainama kweli chini ya kaunta kutoa ndoo, na hata mwenye hasira alicheka.

Fundi mmoja hakucheka. Alikuwa kijana wa kusini, mtu mzima wa kutosha kuwa na mke na watoto Mbagala, anayehudumia malori ya tajiri mmoja yanayokwenda Masasi. Alinunua pampu ya betri Alhamisi moja, miaka michache iliyopita, na Mama alipoinama kutoa ndoo alimwambia asijisumbue, yeye ni fundi, ampe risiti. Akaondoka. Ijumaa, jua likiwa limekaza na mimi niko kwenye kigoda changu na chai yangu, alirudi na pampu mkono mmoja na ndoo yake ya grisi mkono wa pili, na uso ambao sikuupenda.

Aliiweka pampu juu ya kioo cha kaunta kwa kishindo. Alisema ni feki. Alisema tangu asubuhi inaunguruma na haitoi kitu, lori limepakiwa, dereva amekaa kwenye usukani, na yeye ndiye aliyemsihi tajiri waachane na pampu ya mkono wanunue ya betri. Sasa tajiri anaamini amekula hela na kuleta uchafu. Maneno aliyopewa alipokuwa akitoka gereji aliyarudia mbele yetu, na sauti yake ilipasuka katikati: "Rudi na pampu inayofanya kazi, la sivyo usirudi."

Wanaoijua Kariakoo wanajua neno feki linavyosafiri. Halihitaji miguu. Kabla Mama hajamaliza kufuta miwani, mlango ulikuwa umejaa: wapakia mizigo, wauza soksi, waliokuwa wakipita kwenda Mnazi Mmoja, na wale ambao katika kila mji hutokea pale penye ugomvi kama inzi penye embe. Simu ziliinuliwa kupiga picha. Mmoja alipaza sauti kwamba Mama amrudishie mwenzao hela asiwafanye mazoba. Mwingine akasema Wahindi ndivyo walivyo. Nilisimama nikamwambia, "Mwanangu, chunga ulimi, huyu mama ni wa hapa." Akanijibu bila ubaya, ila bila heshima pia: "Mzee kaa, hii siyo ya kwako." Nikakaa.

Njia nyepesi ilikuwepo, na kila mtu aliiona. Nyuma ya Mama kulikuwa na rafu yenye pampu mpya kama ile ndani ya maboksi yake. Angeshusha moja, akampa, watu wakapiga mbinja, wakatawanyika. Nilimwona akiitazama ile rafu. Kisha akaivuta kwake pampu iliyolalamikiwa na kusema ataijaza yeye mwenyewe. Fundi akasema asitumie grisi ya dukani, atumie hii ya kwenye ndoo yake, asije akawachezea. Mama akakubali.

Akakifungua kichwa cha pampu, akazamisha mdomo wa silinda ndani ya ndoo, akaanza kuivuta fimbo ya nyuma polepole ili grisi ipande bila kuacha nafasi. Watu wakasukumana waone. Bega la mtu likamgonga, silinda ikainuka kidogo kutoka kwenye grisi, ikashuka tena. Mimi niliona. Sidhani yeye aliona, kwa sababu alimaliza, akafunga kichwa, akaiachia fimbo ili springi isukume, akaelekeza mpira kwenye boksi na kubonyeza swichi. Mota ikaimba. Haikutoka hata tone.

"Inaimba tu, haitemi!" mtu akapiga kelele, na kicheko kilichofuata kilikuwa cha aina ile inayotangulia mawe. Fundi hakucheka. Simu yake iliita, akaitazama, hakuipokea, ikaita tena. Mama akasema imeshika upepo, wasubiri. Fundi akamjibu kwamba anajua upepo, ametoa upepo kwenye breki na kwenye dizeli maisha yake yote, lakini hii ni ya betri, ina nguvu, inapaswa kujitoa yenyewe. Wengi wakaitikia kwamba kweli, ya betri haina mambo hayo. Mama hakubishana. Alikilegeza kichwa cha pampu mzunguko mmoja, akailaza juu ya kaunta na kuiwekea mkono, akarudia kwamba wasubiri. Lakini nani angesubiri? Kila baada ya pumzi mbili mtu alinyoosha mkono akitaka ikazwe na kubonyezwa. Mikono ilikuwa juu ya kioo cha kaunta, na kioo kilianza kulia. Mwenye kofia nyekundu akaushika mlango wa chuma na kuutikisa. Nilianza kusoma nilichojaliwa kusoma, kimoyomoyo, na nikamwomba Mola asinionyeshe damu ya jirani yangu siku ya Ijumaa.

Hapo ndipo muadhini akaanza.

Mama akautoa mkono wake kwenye pampu. Akageuka, akazima redio ambayo hakuna aliyekuwa akiisikia, akasimama wima na mikono mbele, kama afanyavyo siku zote. Hakuwa amepanga chochote. Naamini hata katikati ya moto angefanya vile. Lakini wengi wa waliojaa mlangoni walikuwa Waislamu, na mwanamke wa Kihindu amenyamaza kwa adhana ya kwao wao wakipayuka. Sauti zikashuka moja baada ya nyingine. Aliyekuwa akiutikisa mlango aliuachia. Fundi, ambaye ni Mkristo, alivua kofia, nadhani bila kujua kwa nini. Ikawa kimya namna ambayo Gerezani haiifahamu mchana.

Na ndani ya kimya kile, kati ya maneno ya muadhini, tukasikia kitu kidogo. Fsss. Kikakoma. Kikaanza tena, kirefu zaidi. Kilitoka kwenye shingo ya pampu, pale kichwa kilipolegezwa. Springi ilikuwa inaisukuma grisi polepole, na upepo uliokuwa umenaswa ulikuwa unatoka wenyewe, kwa wakati wake, hakuna aliyeugusa. Fundi aliinama mpaka sikio likakaribia kaunta. Kisha kwenye shingo ile ikatokea pete nyembamba ya grisi, na sauti ikaisha.

Adhana ilipomalizika Mama akakaza kichwa, akamsogezea fundi ile pampu na kile kipande cha boksi. Fundi akabonyeza. Mpira ukakohoa mara moja, ukatema povu, kisha grisi ikatoka mfululizo, nzito, inajikunja juu ya boksi. Mtu mmoja akasema eti yeye alijua tangu mwanzo. Watu wakacheka, safari hii kicheko cha kawaida, na simu zikashuka, kwa sababu heri haina watazamaji. Nilidhani yamekwisha. Lakini Mama akamzuia fundi asiondoke. Akamwambia airudishe grisi yote ndooni, aijaze upya mwenyewe. Fundi akasema dereva anasubiri. Akamjibu, "Na ikishika upepo huko Lindi, mwanangu, nani atanyamaza?" Akaijaza. Alilegeza kichwa na kusubiri kwa mikono miwili magotini, kama mtu anayemsubiri mgonjwa aongee. Ilipotema, alimpigia tajiri wake mwenyewe, akaweka simu karibu na mpira na kubonyeza swichi ili aisikie. Sijui kilichosemwa upande wa pili. Nilimwona tu akifuta macho kwa mkono wenye grisi, na kuyaharibu zaidi.

Nilifika msikitini khutba imeshaanza. Baada ya sala nilirudi dukani kuchukua mwavuli niliousahau, nikamkuta ameketi kwenye kigoda changu. Akaniambia aliogopa mpaka akawa hayaoni macho ya watu, anaona midomo tu. Nikamuuliza kwa nini hakumpa pampu mpya wakaondoka. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Angeijaza vile vile alivyoijaza ile ya kwanza," alisema. "Angefukuzwa kazi na mpya mkononi."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Wengi wetu tukizingirwa hununua amani yetu kwa chochote kilicho karibu, na tunaiita huruma. Tunampa mtu kitu ili aondoke, na matatizo yake yanaondoka naye. Jiji letu limejaa biashara hiyo, na si ya madukani peke yake: wazazi tunampa mtoto simu mpya anapolia, viongozi wanampa mlalamikaji ahadi, na sisi tunaovaa kanzu tunampa aliyevunjika moyo dua ya haraka na kumwambia Mungu yupo. Yupo, alhamdulillahi. Lakini mama yule alikuwa na njia ya kuokoa duka lake na akaiacha, akasimama mbele ya watu wenye hasira na kitu kisichotoa hata tone, kwa sababu alikuwa anaifikiria kazi ya mtu aliyekuja kumtukana.

Jumatano usiku, walipokwisha kumchoma, nilikwenda kukaa na familia yake. Nje, chini ya ngazi, nilimkuta yule fundi, amevaa shati la kanisani. Amenenepa kidogo, na sasa gereji nzima iko chini yake. Tulipeana pole. Aliniambia kule gereji Ijumaa adhana ikianza wanazima kompresa na mashine zote, Waislamu na Wakristo, na fundi mgeni akiuliza sababu huambiwa ni utaratibu wa kazi. Nikamuuliza kama ni kweli, au anazungumza kwa ajili ya msiba. Akasema njoo Ijumaa, mzee, usikilize mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atamfanyia nini mja wake yule, sina elimu ya kulisema, na hilo ni lake. Ninamshukuru kwa kunipa jirani. Na kwako msomaji, nakuachia hili: akija mtu kwako akiunguruma na hakuna kinachotoka ndani yake, ama mwanao, ama mwenzi wako, ama mteja mwenye ndoo mkononi, usimwite feki, wala usimpe kitu ili aondoke. Legeza kidogo. Kisha fanya lile gumu kuliko yote katika mji huu: nyamaza, usiguse, mpaka usikie upepo unatoka.