Mvuta Kamba Aliyekunywa Kahawa Yangu

Cheka ukitaka, lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Ibra, Oman, baada ya sala ya alasiri, jua likiwaka na akili zangu timamu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilinunua picha kubwa sokoni Matrah. Ilionyesha umati wa Wazungu wa zamani wakivuta kamba, na sanamu ya mfalme aliyepanda farasi. Mimi niliona wanamsimamisha juu ya jiwe lake. Sisi tuliokimbia mapinduzi ya Unguja, tukampoteza Sultani wetu na nyumba zetu, picha ya watu wanaomtukuza mfalme tungeiachaje? Nikaitundika majlisi, wanapokaa wageni, na kila aliyekuja akaisifu.

Siku hiyo nipo peke yangu, mtu akapiga hodi. Kanzu nyeupe, uso mwekundu, Kiswahili cha Unguja Mjini kabisa. Nikamkaribisha, nikammiminia kahawa. Huku Oman mgeni akitosheka huitikisa finjani. Asipoitikisa, mwenyeji humimina tu. Wengi wetu tuliotoka Unguja tulikunywa mpaka mioyo ikaenda mbio kwa kutolijua hilo, naye hakuitikisa, basi nikamwona wa kwetu, nikampenda. Lakini niamini, alikunywa finjani arubaini, na dele langu dogo la kahawa halikupungua uzito. Na viganja vyake vilikuwa vimechubuka vibaya.

Akaitazama picha. "Mwadhani twampandisha?" akaniuliza taratibu. "Twamwangusha, bwana."

Yeye na nani?

"Nilivuta kwa kuwa wenzangu wakivuta," akasema. "Nilikuwa kijana. Ndugu yangu hakunisemesha tangu siku ile, mpaka tukazikwa."

Nikammiminia tena, nikimkumbuka wangu. Kaka yangu Nasoro alibaki Unguja, akafuatana na waliopindua. Miaka kumi na tano, kila Idi aliniletea barua, na kila Idi niliichana sijaisoma. Ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kunipeleka chuoni kusoma Kurani. Nilimpenda mno, ndiyo maana nilishindwa kumsamehe.

Nikamfunza mgeni kutikisa finjani. Akaitikisa, akacheka kidogo, akasema, "Bas, alhamdulillahi." Nilipoinama kuipokea, hapakuwa na mtu. Dele kavu, halina hata tone. Nikatazama ukutani. Mtu wa mwisho kwenye ile kamba ameiachia, viganja vyake vi wazi.

Siku ile ile nikamwandikia Nasoro. Akaja. Tukaishi pamoja miaka minne, tukibishana siasa toka chai ya asubuhi, mpaka nikamzika hapa hapa Ibra. Picha ninayo hadi leo, na yule mtu hajaishika tena kamba. Lakini si yeye anayeninyima usingizi. Miaka minne tu nilikaa na kaka yangu, na kumi na tano niliichana kwa mikono yangu.

Nawe unayenisikiliza, una ndugu uliyemnunia? Mwandikie leo. Usingoje mpaka mtu atoke ukutani aje anywe kahawa yako.