Siku Nawal Alipomrudisha Mama Suji

Sisi tuliokulia Suji, kule mlimani, miaka ile ya kukosa sabuni, nguo tulifua kwa majani ya mpapai na bado tulienda shule tunajiona. Siku hizi mtoto akiishiwa bando anasema maisha ni magumu.

Katika shida hizo ndipo alipokuja Nawal, Mpalestina, kamera begani. Alitengeneza filamu za maisha ya watu, hana bosi wala kampuni. Tuliambiwa kamera yenyewe aliinunua kwa kuuza bangili zake za harusi. Kijiji cha mama yake kilibomolewa chote, alitueleza kupitia mwalimu wetu, na hakuna aliyewahi kukipiga picha. Tukaulizana. Kijiji kizima kinaondokaje?

Alitaka kutupiga filamu tukiwa kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji wa kumwagilia. Baragumu likalia, watu wakaja. Lo, wamevaa nguo za kanisani! Wakajipanga kando ya mfereji, shingo wamezikaza, maana kamera tuliyoijua ni ya studio ya Same mjini, ukitikisika umeharibu picha. Nawal akawasihi wafanye kazi. Hakuna aliyetikisika.

Mama yangu alichelewa, alikuwa ananyonyesha. Akafika na khanga yake iliyopauka, akashuka kwenye tope na jembe.

"Nyie simameni tu," alisema, "mahindi yangu yanakauka."

"Unatuaibisha mpaka Uarabuni," baba alimfokea. Nawal akampiga filamu mama peke yake.

Mama alifariki kabla hajaiona filamu hiyo. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja, na mimi, Mungu anisamehe, nilishaanza kuisahau sura yake. Ikaja miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa, gulio la Myamba likajaa mitumba, na Nawal akarudi na projekta na jenereta. Tukaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, tukatundika shuka ukutani.

Mama akatokea. Anatembea, anafuta jasho kwa kiwiko, anacheka. Shangazi alipiga yowe akakimbilia nje. Baba alisimama akavua kofia. Mimi nikajikuta nimefika mbele naligusa shuka, na uso wa mama ukaangukia mkononi mwangu. Nilipogeuka nilimwona Nawal analia kando ya mashine yake. Alikuwa amezunguka nchi ngapi akipiga picha mama za watu, na wa kwake hana hata picha ya nyumba aliyozaliwa.

Enzi zetu kamera ilipanda mlimani mara moja, tukakaza shingo. Leo binti yangu ananipiga video hata nikichambua maharage ya makande. Juzi nimemkuta anazifuta, moja baada ya nyingine.

"Simu imejaa, mama."

Nilishtuka nikamshika mkono. Nikamwambia aniachie moja tu, ile ninayocheka.