Koleo la Muhuri wa Risasi

Walianza na spika ya kanisa. Mpiga ngoma wetu wa zamani aliipiga kwa mguu wa kiti cha chuma hadi kitambaa chake kikachanika, halafu akamgeukia baba yangu.

"Papa mzee, tunakuheshimu. Leta kachet."

"Kachet ni ya kanisa," baba akasema.

Pigo la kwanza lilimpata mdomoni.

Kachet ndivyo sisi Wakongo tunavyouita muhuri, na kwetu karatasi isiyo na kachet ni ya kufungia karanga. Muumini akihamia mji mwingine, lazima abebe barua ya kanisa lake yenye kachet, la sivyo kule habatizi mtoto wala haoi. Baba ni mzee wa kanisa, yeye ndiye aliyeitunza. Kanisa lilipogawanyika, pasta kijana aliyeondoka na nusu ya waumini akajichongeshea yake ya mpira mjini, ileile kabisa. Ikawa huwezi kujua barua ipi ni ya kweli.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mwalimu wa historia alituonyesha picha za mihuri ya risasi, yale madini mazito ya kijivu, ambayo wanaakiolojia huifukua mashambani Ulaya. Ni ya zama za kati, ilining'inizwa kwa uzi kwenye barua za mapapa wa Roma. Barua zimeoza, uzi umeoza, lakini kidonge cha risasi kipo, na juu yake mitume wawili wenye ndevu. Darasani sisemi hata nikijua jibu, lakini jioni ile nilisimulia mpaka ugali ukapoa. Nilimweleza baba kwamba risasi ilibanwa kwa koleo lenye chapa pande zote mbili.

Baba anafanya kazi kwenye duka la matairi kule mtaa wa Kensington, na vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu vimejaa sakafuni. Siku moja akarudi na koleo kubwa lililochomelewa mabamba mawili: msalaba huku, jina la kanisa kule. Aliyeyusha risasi uani ndani ya kopo la maziwa, mama akimfokea kwamba ule moshi utatuua sote.

"Hii nayo waiige," baba akacheka.

Akayaarifu makanisa yetu yote: barua isiyo na risasi msiipokee. Nayo yakatii. Mpiga ngoma, ambaye alikuwa amemfuata pasta kijana, alifika Durban na barua ya mpira, harusi yake ikiwa mlangoni. Wakamkataa mbele ya wakwe.

Kwa hiyo Jumapili ile hakuja kuzungumza.

"Anajifanya Papa wa Roma huyu!" aliwaambia wenzake, wakacheka, wakamlaza baba kwenye meza ya ushirika. Mama alimrukia mmoja mgongoni akamng'ata sikio. Alitupwa juu ya viti, akainuka na damu kwenye nyusi, akatupwa tena. Waumini wengine walikuwa wameshakimbilia barabarani. Uwanjani kulikuwa na mechi, mtaa wetu wote wa Bertrams ulikuwa vuvuzela tupu, ungepiga yowe mpaka koo lipasuke. Pasta kijana alisimama mlangoni akisema, "Taratibu, ndugu, taratibu," kama mtu anayeelekeza gari linalorudi nyuma.

"Unabania mkono gani?" mpiga ngoma akauliza.

Wakauchukua wa kulia, wakautandaza. Nilikisikia kidole. Sitaandika kilivyolia.

Mimi nilikuwa nyuma ya kinanda na begi langu la shule. Koleo lilikuwa humo. Baba alinipa nilibebe kila Jumapili kwa sababu hakuna anayeniangalia. Macho yetu yalikutana, akatikisa kichwa kidogo: usithubutu. Kikavunjika kidole cha pili.

"Ninalo mimi," nikasema. Sauti haikutoka. "Ninalo mimi! Mwacheni!"

"Eish, kumbe bubu anasema," mpiga ngoma akasema. Alilipokea koleo, akalipima uzito, halafu akaupiga nalo mkono uleule mara moja tu, kama mtu anayepiga kachet. Wakaondoka.

Hospitali walimfunga plasta. Akawa hanisemeshi. Alimwambia mama, "Mwambie mtoto wako alete maji," na mimi nipo palepale. Ninajua kwa nini. Sasa barua za uongo zinatembea na risasi ya kweli, kwa koleo nililolitoa kwa mkono wangu.

Jana asubuhi mama alikuwa ameshakwenda saluni kusuka wateja wake, na baba vifungo vya shati vilimshinda. Alikuja mlangoni pangu, shati wazi.

"Ungewaacha wamalize," akasema. "Mkono ulikuwa wangu."

"Na wakimaliza mkono, baba, si wangehamia kichwani?"

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Nilingoja kofi la mkono wa kushoto. Aliinua kidevu ili nikifikie kifungo cha juu.