Choo Alichokichimba Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ndiye aliyejenga choo cha kwanza chenye dohani katika kitongoji chetu kule Chome, na hakukitumia hata siku moja. Nikilikumbuka hilo mpaka leo nakasirika, ingawa sijui nimkasirikie nani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Bwana afya alipanda mlima akaamuru kila nyumba iwe na choo. Wengi walichimba vishimo vya kumridhisha tu. Baba mkwe alichimba shimo la kweli, lililomzidi kimo, akisaidiana na mume wangu aliyekuwa likizo kutoka kwenye mashamba ya mkonge. Juu wakalaza miti migumu, wakasiliba udongo. Kisha mzee akatafuta mwanzi mnene, akautoboa vifundo kwa chuma cha moto, akausimamisha nyuma ya ukuta uwe dohani ya shimo, na mdomoni juu akafunga kipande cha chujio kuukuu la chai. Harufu ilipanda na upepo. Nzi waliofuata mwanga wa dohani walikwama kwenye chujio. Akawa anaita majirani waje kunusa! Walimcheka, naye akacheka kuwashinda.

Kilipokwisha ndipo likakumbukwa jambo ambalo kila mtu alilijua. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja. Ni heshima, na heshima hiyo haikuwa na mjadala. Nilidhani nitaambiwa niendelee kwenda migombani kule bondeni. Badala yake mama mkwe aliniita jikoni.

"Baba yako anasema choo ni chako," aliniambia. "Mwenye mimba atashukaje bondeni?"

"Na yeye, mama?"

"Atachimba kingine."

Alikianza kweli, akakuta mwamba kabla shimo halijafika magotini. Mume wangu alikwisha kurudi mkongeni, akatuma salamu kwamba tungoje likizo ijayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzee aliendelea kushuka bondeni na fimbo yake. Nikajifungua, masika yakaingia, na asubuhi moja aliteleza akavunjika nyonga.

Tulimlaza ndani. Nilimwomba mama mkwe amwambie choo kiwe chake, mimi nitashuka bondeni. Akarudi na jibu: nilishakiingia mimi, basi yeye hawezi tena. Hata kumwinua kulitaka mtu mwenye nguvu, na mwenye nguvu pale nyumbani nilikuwa mimi peke yangu, nisiyeruhusiwa kumgusa hata mkono. Mama mkwe alihangaika naye, akirudia kwamba mwacha mila ni mtumwa, huku machozi yakimtoka. Mimi nilisimama nje ya ukuta na mtoto mgongoni, nikimsikia mzee akiugua. Ningeingia. Laiti ningeingia. Hakuyamaliza masika yale.

Mazishini watu walijaa uani. Mvua ilikuwa ikinyesha, na kule bondeni hapakuwa na pa kukanyaga. Basi wakajipanga kwenye choo kile: wazee, wake za wana wao, wakwe wa kila aina, huyu akitoka yule anaingia. Hakuna aliyeuliza nani kamtangulia nani. Mjomba wa mume wangu, mshika mila wa ukoo mzima, alitoka akijifunga shuka lake vizuri.

"Mwanangu," akaniambia, "hakina hata nzi mmoja."

Nilimmiminia maji ya kunawa. Nilitamani kumrushia yote usoni.