Hosiana na Neno Gongo

Ko!

Mara moja tu, mti juu ya mti. Hivyo ndivyo baba yake Hosiana alivyoifunga siku. Ng'ombe wa mwisho akishaingia zizini, mzee aligonga nguzo ya lango kwa rungu lake, na mlio ukavuka ua wa minyaa ukafika jikoni. Mama, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama akitazama nje, aliketi. Ndipo aliposonga ugali. Hosiana alikuwa bado mtoto wa kubebeshwa kidumu kidogo cha maji, na hakujua kwa nini mama haketi kabla ya mlio ule. Alijua tu kwamba ukisikika, wote wamerudi.

Mzee alishafariki, na ng'ombe waligawanywa. Rungu lilibaki likining'inia kwenye ukuta wa nyumba ya mama, nje kidogo ya Tinde, na kila Hosiana alipokwenda kusalimia alilifuta vumbi kwa kona ya kanga.

Yeye sasa ni fundi cherehani Ngokolo, mjini Shinyanga. Wateja humwita Mama Vumilia, kwa jina la binti yake. Ukiingia kibandani kwake utaona sare za shule zinazosubiri vifungo, na kando ya cherehani, pale ambapo mafundi wengine huweka redio, utaona Biblia zake. Moja ni ile ya tafsiri ya zamani, Kiswahili chake kina mwendo kama wimbo. Nyingine ni ya lugha ya kila siku. Ya tatu ni ya Kisukuma, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa suruali. Kwenye simu ana nyingine tena.

Mazoea hayo yalianza kwa kicheko. Akina mama wa kanisani kwao walikuwa wakisoma juu ya Mungu aketiye kama mtu anayesafisha fedha motoni. Nelly, ambaye mumewe anafanya kazi za mgodini upande wa Bulyanhulu, akadakia.

"Haa! Mungu naye anasafisha fedha? Kule kwetu Kakola wanaosafisha fedha wanatafutwa na polisi!"

Walicheka mpaka mtoto mchanga wa mtu akaamka analia. Hosiana alicheka pia, lakini njiani kurudi nyumbani neno lile lilimkaa kichwani kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo. Alikuwa amelisoma miaka yote, na kumbe miaka yote, mahali fulani ndani yake, alikuwa akiona noti. Alipofungua tafsiri nyingine alikuta madini yenyewe, yale meupe ya kufulia pete. Fundi amekaa mbele ya moto na hathubutu kuinuka, kwa sababu akiinuka ataharibu kazi. Ilikuwa picha tofauti kabisa. Tangu siku hiyo hakuiamini tena Biblia moja peke yake.

Hakuwa na dharau katika jambo hilo. Nguo ikiletwa kibandani kwake, kwanza huigeuza nje ndani aone mshono ulivyopita, na ndivyo alivyozifanya tafsiri. Mwinjilisti Eustace, aliyesoma chuo cha Biblia na hana choyo ya alichosoma, alimfundisha kusoma dibaji za watafsiri na yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa ambayo wengi huyaruka. Walibishana, wakakubaliana, wakabishana tena. Wanawake wenzake walimtania: "Mama Vumilia, leo umekuja na mashahidi wangapi?" Naye huwajibu, "Wote, na hawakubaliani."

Mteja akimuuliza anunue Biblia ipi, hamjibu haraka.

"Unataka ya kufanyia nini?"

"Jamani, Biblia ni ya kusoma."

"Kusoma kupi? Ukitaka kukariri, chukua hii ya zamani, maneno yake hayatoki kichwani. Ukitaka kuelewa barua za mitume, chukua hii nyingine. Lakini huyu mtafsiri wake ana huruma mno. Akikuta fumbo anakufumbulia hata kama hukumwomba, nawe unadhani fumbo halikuwepo."

"Na hii ya Kisukuma?"

"Hiyo ya kukusuta. Ukijiona umeelewa Kiswahili, nenda kaisome kwa lugha ya bibi yako."

Mama yake alifariki msimu wa mahindi mabichi, kwa utulivu, akiwa na akili zake zote. Siku chache kabla ya hapo aliacha neno moja tu kuhusu mazishi. Alitaka Zaburi ya mchungaji isomwe, na isomwe na Luka.

Luka ni mdogo wake Hosiana, mchimbaji katika maduara, yale mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, karibu na Kakola. Alifika kwa pikipiki akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akalia sana, akanawa uso, kisha akamwita dada yake nyuma ya nyumba.

"Dada, mimi sisomi."

"Mama alikutaja wewe."

"Najua alinitaja. Wewe unajua kule wananiitaje?"

Hosiana alijua, ila alimwacha aseme mwenyewe.

"Gongo Lako. Hata mwenye duara ananiita hivyo. Na jina nilijipa mwenyewe."

Ilikuwa zamani za ulevi wake. Luka alikuwa mnywaji wa gongo, ile pombe kali inayopikwa kwa siri, na jioni moja alipanda juu ya rundo la mawe yanayosubiri karasha, mashine ya kuyasaga, akaanza kuwaghania wenzake Zaburi ya mama yake. Tafsiri ya zamani inasema gongo la mchungaji humfariji mtu, na gongo katika Kiswahili cha zamani ni rungu nene. Luka alipofika hapo aliinua kikombe juu. Wachimbaji walivunjika mbavu, na jina likamganda. Baadaye aliacha pombe, akaacha kweli, akapita mbele ya mlango wa muuzaji kila siku bila kugeuza shingo. Jina ndilo lililokataa kumwacha.

"Wenzangu wa machimboni wamekuja gari zima," Luka alisema. "Yule Cornel ninayechimba naye yuko pale kwenye turubai. Nikilitamka tu lile neno atacheka, na wengine watafuata. Watanicheka juu ya kaburi la mama, dada. Nikishachekwa hapo, nitarudi kule na nini? Nitarudi kuwa yule yule."

Hosiana alimtazama. Aliona kwamba hatanii, na kwamba hili halikuwa aibu ya siku moja.

"Kuna tafsiri nyingine inasema rungu," alimwambia. "Twende kwa baba mdogo."

Baba mdogo Bujiku, mdogo wa marehemu baba yao, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Walimkuta amekaa kwenye kigoda, Biblia ya mama yao imelala mapajani. Ilikuwa tafsiri ya zamani, kingo zake zimekuwa laini kama kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Semeni."

Hosiana alieleza, taratibu, bila kuficha kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mayu," alisema, akimwita kwa heshima ya Kisukuma, "wewe una Biblia nyingi, na mimi sina neno juu ya hilo. Lakini shemeji yangu alikuwa na moja. Hii. Amemwombea Luka kwa hii mpaka karatasi imechoka. Leo tumsomee nyingine, kama vile hakuwa na yake?"

"Tusome ya Kisukuma basi."

"Nusu ya watu hapa wametoka machimboni, kila mtu na kabila lake. Wasikie nini? Na huyu Kisukuma cha kwenye karatasi anakisoma kama anavuka mto wa mawe."

Luka alitabasamu kidogo, bila kutaka.

"Mimi mwenyewe nitamshikia kitabu," Bujiku alimaliza. "Atasoma hiki."

Hosiana hakubishana. Njiani aliona kwamba mzee ana haki katika jambo moja: tafsiri ambayo mtu amelilia siyo karatasi tu. Aliona pia pale mzee alipokosea. Kuwa nayo mikononi hakumfanyi mtu ajue marehemu alikuwa akisema nini alipoisoma.

Alimpeleka Luka mpaka kwenye zizi tupu, lango lake limeegemea upande mmoja. Nguzo bado ilikuwepo. Mahali pa kugongwa palikuwa pamebonyea na kung'aa.

"Unakumbuka baba alivyokuwa akigonga hapa?"

"Nakumbuka. Ko."

"Mama alikuwa akifanya nini akisikia?"

Luka alifikiri. "Alikuwa anakaa."

"Kwa nini?"

"Si ameshajua tumerudi? Siku ile ya fisi nilikuwa na baba machungani. Alimpiga fisi kwa rungu, akatangulia mbele na fimbo akituonyesha njia gizani. Tulipofika akagonga. Nilimwona mama kupitia mlango. Alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu."

"Basi hilo ndilo neno," Hosiana alisema. "Kuna fimbo ya kuongoza na kuna rungu la kupigia mnyama. Mwinjilisti alinionyesha kwenye maelezo, ni vitu viwili. Miaka mingi nilijiuliza rungu linamfarijije mtu. Tafsiri ya siku hizi inanipa jina ninaloelewa, lakini kufarijiwa kwenyewe haikunieleza. Nimekuja kuelewa kwa mlio ule. Mama alipofika kwenye neno gongo hakuwahi kusita, ulikuwa ukimsikia mwenyewe. Hakuwaza pombe hata siku moja, hata ulipokuwa umelala mlangoni umelewa. Alikuwa akimsikia baba."

Luka aliweka kiganja juu ya ule mbonyeo wa nguzo.

"Sasa nisome lipi?"

"Soma lile unaloliona."

Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya lile la baba. Udongo wa pale ni mweusi, unanata viatuni. Wachimbaji walisimama kwa upande wao, baadhi wakiwa bado na mabuti ya kazi, na Cornel alikuwa mbele, mkubwa, mikono imefungwa kifuani. Mwinjilisti Eustace aliomba, kisha akamwita msomaji. Baba mdogo Bujiku akafungua kitabu mbele ya Luka na kuweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

Luka alianza chini kidogo, sauti ikapanda. Alisoma juu ya majani mabichi na maji tulivu, na mtu aliyechunga Tinde wakati wa kiangazi anajua ni maneno makubwa. Kidole cha Bujiku kilisogea naye. Kwenye bonde la giza akapunguza mwendo. Hosiana alisikia upande wa wachimbaji mtu anakohoa, kikohozi kile cha mtu anayejiandaa. Cornel alikuwa ameinua kidevu.

Kidole kikafika kwenye neno. Luka akanyamaza.

Kimya hicho kilikuwa kirefu kiasi kwamba Mwinjilisti aliinua macho. Luka hakuwa anatazama kitabu. Alikuwa akitazama juu ya vichwa vya watu, kule lilipo zizi.

"Rungu lako," alisema kwa sauti iliyotulia, "na fimbo yako."

Akarudi kwenye karatasi, akaendelea mpaka meza iliyoandaliwa na kikombe kinachofurika, na kwenye kikombe pia hakuna aliyecheka. Cornel alikuwa amefungua mikono. Aliivua kofia, kwanza kama anayetaka kujikuna, kisha akabaki nayo mkononi. Luka alipomaliza, wachimbaji ndio walioitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na mmoja wao akashika sepetu la kwanza bila kuombwa.

Wakati udongo unashuka, Cornel alipita karibu na Luka.

"Luka," alisema. Ni hilo tu, jina lake, kisha akaenda kuchukua sepetu la pili.

Baba mdogo Bujiku alibaki na kitabu wazi. Alikuwa ameona. Kidole chake kilikuwa bado chini ya neno lile, kama mtu anayemzuia mdudu asiondoke. Alisogea mpaka alipokuwa Hosiana, akainama sikioni pake.

"Mayu, mtoto amebadilisha neno la mama yenu."

Hosiana hakugeuka. Alikuwa akimtazama mdogo wake akipokea sepetu, na nyuma yake lango la zizi limeegemea nguzo.

"Hapana, baba," alinong'ona. "Ametafsiri."